Kikosi cha Mdogo

Pale saluni walimwita Dada Rangi. Meza yake ilikuwa kwenye kona ya dirishani, nyembamba, yenye taa ya kuinamisha na chupa ndogondogo za rangi za kucha zilizopangwa kwa safu. Ukimpa kidole chako alikipokea kama mtu anayepokea yai. Aliweza kukuchorea ua kwenye kucha ya kidole cha mwisho, ua lenye petali na kikonyo, huku akikusikiliza ukiwasema mawifi zako, na asikose mstari wala neno. Mkono wake haukuwahi kutetemeka. Wateja wengi hawakujua mengine kumhusu zaidi ya hilo.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti, mtu wa mabega mapana, mwenye vidole vinene kama mipini ya nyundo, na Mungu kwa mzaha wake akampa mtu huyo mapenzi ya vitu vidogo. Akitoka kazini alikaa mezani, akavaa lenzi ya kufunga kichwani, akapaka rangi askari. Walikuwa askari wa plastiki, wafupi kuliko kucha ya kidole gumba, wenye bunduki nyembamba kama sindano. Aliwapaka buti, mikanda na vifungo, na mwisho kabisa macho, akiwa ameziba pumzi. Dada Rangi alipita nyuma yake na vyombo vya chakula na kumwambia, "Mwenzangu, hawa wana vifungo vingi kuliko wewe." Kweli shati lake lilikuwa na vifungo viwili tu. Alicheka bila kutoa sauti ili mkono usiruke.

Askari hao walikuwa wa mchezo. Nyuma ya duka la dawa la mtaani kulikuwa na stoo, na mwenye duka, Mfamasia, alikuwa ameweka humo meza kubwa yenye vilima vya maboksi vilivyofunikwa kitambaa cha kijani, mto wa utepe na madaraja ya vijiti. Jumamosi alasiri walikusanyika hapo Mfamasia, mwalimu mmoja wa hesabu, dereva wa lori akiwa hayuko safarini, fundi wa lifti na mdogo wake. Walipigana vita vya falme mbili ambazo hazijawahi kuwepo duniani. Vita hivyo havikuisha kwa siku moja. Aliyeshindwa leo alirudi nyuma kwenye ramani, na Jumamosi iliyofuata alianzia pale alipokimbilia, bila wale askari aliowapoteza. Walirusha dadu, walipima kwa futi mwendo wa kila kikosi, na walibishana mpaka wagonjwa waliokuja kununua dawa wakauliza kuna kesi gani huko nyuma.

Fundi wa lifti walimwita Jemadari, kwa sababu alipigana kwa subira na mara nyingi alishinda. Ndugu yake waliendelea kumwita Mdogo, jina la nyumbani lililomfuata mpaka ndevu zikamwota. Mdogo alikuwa kamanda mbovu kuliko wote. Alishambulia kila alichokiona. Kaka yake alimfundisha kazi ya lifti akaishika vizuri, alimfundisha vita akashindwa kabisa. Mwaka ule Mdogo alijipatia kikosi kipya cha wapanda farasi, akamwachia kaka yake awapake rangi, na sharti lake lilikuwa moja: makoti ya samawati, na farasi wote weupe.

"Hakuna jeshi lenye farasi weupe watupu," kaka alimwambia. "Wataonekana toka mbali."

"Ndiyo ninavyotaka," Mdogo akajibu. "Waonekane wakija."

Kaka alikuwa amekwisha kuwapaka rangi ya msingi, ile ya kijivu inayotangulia nyingine, na mmoja tu alikuwa amemmaliza kama mfano, wakati Mdogo alipofariki.

Walikuwa kazini wote wawili, katika jengo la ofisi ambako lifti ilikuwa imekwama ghorofa za juu. Kaka alikuwa juu kwenye chumba cha mitambo, mdogo chini kwenye mlango wa shimo. Mdogo aliingia shimoni kuangalia, na lifti ikashuka. Watu waliokuja kuchunguza walisema breki ilikuwa imeliwa kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Wakasema ni ajali, wakampa kaka mkono wa pole, wakaenda zao. Lifti ikatengenezwa na mafundi wengine.

Jemadari alizika, akashukuru watu waliokuja, akarudisha viti vya kuazima kwa majirani. Kisha akalala, na tangu hapo hakuamka sawasawa. Aliinuka kwenda msalani, akala vijiko vichache vya uji akilazimishwa, akarudi kugeukia ukuta. Kazini walimpa likizo, halafu wakanyamaza. Ndevu zikamfunika. Dada Rangi alimwambia habari za saluni, nani kaachwa, nani kaolewa, na maneno yake yalianguka kama mawe kwenye kisima kisicho na maji.

Mama mkwe naye alikuja kukaa nao. Hakuna aliyemwita wala aliyemkataza. Alifika na mkoba mmoja, akachagua kiti cha sebuleni kinachotazama barabara, akawa anakaa hapo tangu asubuhi. Alisaidia kuchambua mboga na kufua. Chumbani kwa mwanawe hakuingia. Ilipolazimu apite mlangoni alipita akiwa ameinamisha macho, kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua.

Dada Rangi aliyabeba yote hayo na kujiambia kwamba msiba una muda wake. Mpaka siku ile jirani wa ukuta wa pili alipokuja kumshukuru.

"Kwa lipi?" akauliza.

"Kwa saa ya mwenzio. Jana kaniita dirishani akanipa. Nikasema naiazima, akasema hapana, kaa nayo."

Saa ile mumewe aliitunza tangu walipooana. Jioni yake Dada Rangi akagundua kuwa sanduku la zana nalo halipo, lilikuwa limechukuliwa na fundi mwenzake mumewe, kama zawadi. Na kesho yake, wakati anafunga nyumba, mumewe alitokea ukumbini, akasimama nyuma yake akamtazama anavyohangaika na mlango wa uani uliokuwa umevimba kwa unyevu.

"Uinue kidogo, ndipo usukume," akasema. "Ukiwa peke yako usiupige teke, utang'oa bawaba."

"Kwa nini niwe peke yangu?"

Mumewe alirudi kulala.

Dada Rangi alikaa jikoni na mlango ule mbele yake, akaelewa kwamba mumewe anaaga, kimyakimya, kitu kimoja kimoja, kwa adabu yake ile ile ya kurudisha viti vya watu. Akazunguka nyumba nzima akakusanya kila kilichomtia hofu, akakipeleka kwa jirani kwenye kapu lililofunikwa kanga, na jirani, Mungu ambariki, hakuuliza. Akamwomba mumewe waende hospitali. "Siumwi," akasema. Akamwomba tena, akalia, akapiga magoti. "Mimi siumwi, mke wangu. Pumzika." Siku nyingine aliahirisha wateja akabaki kumlinda, lakini saluni ndiyo ilikuwa inawalisha, na mtu hawezi kumlinda mwenzake kila pumzi. Akitoka alimwambia mama mkwe, "Mama, tafadhali, mtupie jicho." Bibi alitikisa kichwa kukubali, macho yake barabarani.

Hapo ndipo Mfamasia alipokuja. Alivua viatu mlangoni, akakaa pembeni ya kitanda, akazungumza kwa uangalifu kama anayemwaga dawa kwenye kijiko.

"Jemadari, tumekaa sana. Tunataka kurudi mezani Jumamosi ijayo. Hatutaki bila wewe."

Jemadari alivuta shuka juu ya bega.

"Mwalimu anasema tusikiguse kikosi cha Mdogo. Mimi nasema kipigane. Alikuwa anawasubiri sana wale wapanda farasi. Lakini wako kwako, uamuzi ni wako."

Mfamasia akaanza kuvitafuta viatu vyake kwa macho. Ndipo sauti ikatoka ukutani.

"Watakuwa tayari."

Dada Rangi, aliyekuwa amesimama na sinia ya chai, aliitua chini. Mtu anayetaka kuondoka haahidi Jumamosi ijayo. Mfa maji hushika maji, naye alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Usiku na mchana alilirudia: watakuwa tayari.

Jumapili mumewe hakufanya kitu. Jumatatu alilivuta boksi la askari toka mvunguni, akalifungua, akawatazama muda mrefu. Mkewe alikuwa mlangoni. Kisha akalifunika, akalisukuma tena mvunguni kwa mguu. Jumanne hakuamka kabisa, hata uji alikataa. Na hapo hofu ya Dada Rangi ikageuka sura. Kama Jumamosi itafika na farasi wa Mdogo bado ni wa kijivu, mtu huyu atakuwa amemwangusha ndugu yake mara ya pili, na neno lile alilolishika yeye kama kamba litakuwa ndilo la kummaliza.

Jumatano asubuhi, mumewe akiwa amelala, alilitoa boksi akalitia kwenye mkoba wake wa kazi.

Alijiambia: mimi ni mtu wa brashi ndogo. Mtu anayechora petali hawezi kushindwa na koti. Akawapanga askari wale kwenye meza yake ya saluni, kati ya mteja na mteja, akamweka mbele yule mmoja aliyekwisha kupakwa na mumewe. Msusi wa kiti cha pili alichungulia akasema, "Hawa nao wamekuja kutengeneza kucha?" na saluni nzima ikacheka. Yeye mwenyewe alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu msiba.

Rangi za mumewe hakuzichukua, alihofia kwamba zikikosekana mezani atashtuka. Alitumia zake. Alikuwa na samawati nzuri, alikuwa na nyeupe ya maharusi. Lakini rangi ya kucha ni nzito, imetengenezwa ijitandaze na kung'aa. Ilipogusa koti ilitambaa shingoni, ikapanda usoni, ikajaza mdomo na macho. Alijaribu brashi nyembamba zaidi. Alijaribu kijiti cha meno. Farasi weupe walionekana wamemwagiwa uji. Alifanya kazi Jumatano nzima na Alhamisi asubuhi akiamini kwamba wakikauka watatengemaa, na walipokauka akawaweka kando ya yule mmoja wa mumewe. Yule alikuwa mtu kamili, mwenye uso na mawazo yake. Hawa wengine walikuwa matone.

Akafanya alilolifanya kila siku ya maisha yake ya kazi pale rangi inapoharibika. Alichukua bakuli, akamimina dawa ya kutolea rangi ya kucha, akawatumbukiza wote aliowapaka yeye waloweke, akafunika na sahani kwa ajili ya harufu. Akageuka kumhudumia bibi harusi aliyekuja na mashangazi zake. Shangazi mmoja alitaka mawaridi, mwingine akasema mawaridi ni ya kizamani, na kazi ikachukua muda.

Alipofunua sahani, dawa ilikuwa imegeuka maziwa ya samawati. Aliingiza kijiti akakoroga. Hakikugonga kitu. Akaingiza vidole. Chini ya bakuli palikuwa na kinamasi, kitu kama ubani uliotafunwa, na ndani yake ungeweza kuhisi hapa mguu wa farasi, pale kofia, vikikatika ukivigusa. Alivuta kipande juu. Kikavutika kama kamasi, kikadondoka.

Msusi alimwona anainamia bakuli akadhani anatapika. Alipomshika bega, Dada Rangi alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimewaua." Halafu akaanza kutetemeka mikono yote miwili, naye bibi harusi akaondoka kwa upole, kucha zake hazijakauka.

Alikimbilia kwa Mfamasia akiwa ameshika kopo alimokomba kinamasi kile. Mfamasia alichungulia, akalifunika, akamvutia kiti stoo kwenye meza ile ya vilima.

"Plastiki, shemeji. Dawa hiyo inayeyusha plastiki. Wangekuwa wa madini ya risasi wangepona."

"Niletee wengine."

"Wengine hawapo karibu. Wale Mdogo aliletewa toka mbali."

"Basi ahirisha. Mwambie meza imevunjika. Mwambie dereva kasafiri. Niokoe wiki moja tu."

Mfamasia alizungusha dadu moja kidoleni. "Naweza kuahirisha," akasema. "Na wiki ijayo utaniomba niahirishe tena. Shemeji, mimi ni muuza dawa, si mganga, lakini nilimwona mtu wako siku ile. Anayemfaa ni daktari. Yuko mmoja ninayemjua, wa magonjwa ya moyo huu wa ndani, wa huzuni, mtaratibu. Nitampeleka mwenyewe."

"Nimemwambia. Nimempigia magoti. Unadhani nimekaa tu? Atakubali vipi ukimwambia wewe, na mimi kanikatalia?"

"Sijui."

"Hujui," alisema, na kwa mara ya kwanza alimchukia, yeye na meza yake na mto wake wa utepe. Aliondoka na kopo lake bila kuaga.

Nyumbani mama mkwe alikuwa jikoni akimenya viazi. Dada Rangi aliweka kopo mezani akaketi akashika tama. Bibi alilifungua, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Hii nini?"

"Askari wa Mdogo, mama. Nilitaka kuwapaka rangi kabla ya Jumamosi. Nimewaharibu wote. Amebaki mmoja."

Bibi akaendelea kutazama ndani ya kopo. Kisu, kile kimoja kidogo walichobakiza, kilikuwa bado mkononi, ganda la kiazi likining'inia.

"Mama," Dada Rangi akasema, "mwanao anajiandaa kufa. Mimi nimeliona kwa macho yangu. Nimejaribu yote ninayoyaweza na nisiyoyaweza. Nenda ukamwambie si kosa lake. Neno lako moja lina uzito kuliko yangu yote."

"Na kama ni kosa lake?"

Ilisemwa polepole, bila hasira. Dada Rangi alikuwa amedhani bibi anaomboleza. Hakuwa amejua kwamba muda wote huo, kwenye kiti kile, alikuwa anauliza.

"Nilimkabidhi mdogo wake mkononi," bibi akasema. "Akiwa hajaota meno. Tangu tuzike hajaniambia hata neno moja, lilikuwaje. Mimi nimwambie nini?" Akarudi kwenye viazi vyake.

Ijumaa Dada Rangi hakwenda kazini. Alikaa ukumbini akitunga maneno, akayaacha, akatunga mengine. Jioni alimwomba mumewe tena habari ya daktari, naye akamshika kichwa kwa kiganja, kwa huruma, kama anayemwonea mtu mwingine huruma. Hakuweza kumwambia la askari. Alimwogopa sana.

Jumamosi kabla ya adhuhuri alisikia maji yanamwagika bafuni. Mumewe alitoka amenyoa. Uso wake ulikuwa mwembamba, mweupe mahali palipokuwa na ndevu, na alikuwa amevaa shati safi.

"Boksi liko wapi? Nimalizie mmoja mmoja niwahi hata robo yao."

Dada Rangi aliinuka. Miguu yenyewe ilimpeleka kwenye kabati, akatoa kopo, na yule askari mmoja mzima akiwa kwenye kitambaa. Akamweleza yote, kuanzia mkoba mpaka sahani. Hakujitetea. Jemadari alisikiliza, akachukua kopo, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kinamasi kilikuwa kimeganda, na juu yake kulikuwa kumebaki nusu ya kichwa cha farasi.

"Hata hawa," akasema.

Akaliweka chini taratibu, akavaa viatu, akatoka.

Mkewe alidhani anakwenda uani. Kisha akasikia geti. Alimkimbilia pekupeku, na nyuma yake akasikia kiti cha sebuleni kinaburuzwa. Mumewe hakuwa anakimbia. Alikuwa anatembea tu, hatua zile ndefu za fundi, hageuki akiitwa, anavuka barabara bila kutazama magari. Dada Rangi alimfikia sokoni akamshika mkono, naye mumewe akauchomoa bila nguvu, akaendelea. Alijua njia hiyo inaelekea wapi. Kila aliyekutana naye alitaka kumwambia, nisaidie, mzuie, na hakuna alichoona mtu mwingine ila mwanamume aliyenyoa vizuri anakwenda zake na mwanamke asiye na viatu anamfuata.

Jengo lile la ofisi Jumamosi lilikuwa wazi nusu siku. Mlinzi alimtambua fundi, akamsalimia, akamwacha apite. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya lifti akasimama. Taa ndogo juu ya mlango ilionyesha inashuka. Dada Rangi alimkumbatia kwa nyuma, mikono ikakutana kifuani kwake kwa shida, akamng'ang'ania kama mtoto anayekataa kuachwa.

"Hutaingia humo," akasema mgongoni mwake. "Kama ni kuingia tunaingia wote."

Milango ikafunguka. Akatoka karani mmoja na mafaili yake, akawatazama, akawapita. Milango ikafunga. Jemadari akaanza kusema, na mwanzo mkewe hakumwelewa, maana alikuwa anaongea na ule mlango.

"Aliniita kwenye simu. Kaka, niingie? Nikamwambia ingia, nimeshazima. Nilikuwa nazima. Ndivyo ninavyojua. Lakini siukumbuki mkono wangu kwenye swichi. Nakumbuka sauti yangu tu. Ingia, ni salama. Kila nikifumba macho nautafuta mkono wangu, siuoni."

"Breki ilikuwa imeliwa," akasema mkewe. "Walisema."

"Walisema. Mimi nasema siukumbuki mkono."

Nyuma yao mtu alikuwa anahema. Mama alikuwa amefika, kanga imemteleza, mguu mmoja una ndara na mwingine una kiatu cha mkwewe. Mlinzi alikuwa amempa kiti lakini hakukaa. Alikuwa amesikia. Jemadari alipogeuka na kumwona, aliteremka polepole mpaka sakafuni, mtu mkubwa kiasi kile, na mkewe akateremka naye kwa kuwa hakuwa amemwachia.

Bibi alisogea mpaka akasimama juu yao. Lifti ilipanda, ikashuka tena.

"Hilo ndilo nililokuwa nalingoja," akasema mwishowe. "Ulinyamaza. Nikawa nakaa nyumbani kwako, nakula chakula chako, na wewe umenyamaza."

"Nisamehe, mama."

"Sijui. Sitakudanganya, sijui kama nimekusamehe. Nitaona." Akamshika sikio, kama anavyoshikwa mtoto, lakini mkono haukuvuta. "Lakini wawili siwezi kuzika. Nguvu hiyo sina. Unanisikia? Sina. Kesho utakwenda na huyu mkeo kwa huyo daktari anayemtaja."

"Kesho ni Jumapili," akasema Dada Rangi. Lilimtoka tu.

"Basi Jumatatu. Na Jumapili nitakaa mimi naye."

Na alikaa. Alihamisha kiti chake toka sebuleni akakiweka chumbani, na siku hiyo nzima Dada Rangi alimsikia anamuuliza mwanawe mambo ya siku ile, moja baada ya jingine, hata yale yasiyosemeka, naye anajibu. Mara wote wawili walilia kwa pamoja, mara walinyamaza. Dada Rangi alipeleka chai akaikuta baadaye imepoa.

Jumatatu Mfamasia alikuja na gari la kuazima. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, akazungumza na Jemadari peke yake kwa muda mrefu, kisha akamwita mke na mama. Hakuahidi miujiza. Vidonge vilimfanya alale mno, vikabadilishwa, vya pili vikamtetemesha mikono. Kuna wiki alionekana anapanda, halafu asubuhi moja unamkuta amegeukia ukuta na kila kitu kinaanza upya, na Dada Rangi anatoka nje kulia karibu na pipa la takataka ili asisikike. Lifti hakuzirudia. Kampuni ilimpa kazi ya stoo, kupokea vipuri, siku anazoweza.

Kwenye ile stoo ya duka la dawa vita viliendelea. Mwalimu na dereva walikuja wenyewe kumweleza kwamba kikosi cha Mdogo hakitawekwa mezani tena, naye akakubali kwa kichwa. Jumamosi nyingine alikwenda, akakaa pembeni bila kurusha dadu. Jumamosi nyingine alishindwa hata kuvaa viatu, na hakuna aliyemtumia ujumbe wa kumuuliza. Walijua.

Askari wa wengine sasa anapaka Dada Rangi, nyumbani, kwa rangi za maji zinazostahili. Mumewe anakaa kando yake na lenzi kichwani, mikono ameikalia isionekane inavyotetemeka. "Punguza," anamwambia. "Brashi iwe karibu kavu." Au, "Huyo umempa macho ya mlevi." Mama mkwe anasema wote wawili wamekuwa watoto, na anataka kujua huyu wa ndevu ni nani na anapigania nini, na ukimweleza anasahau, anauliza tena.

Lakini mlango wa bafu haufungwi kwa komeo katika nyumba ile. Walikubaliana hivyo, naye hakubisha. Akiingia kuoga, mkewe huacha alichokishika akasimama ukumbini, akisikiliza maji. Yakinyamaza kidogo, humwita.

"Mwenzangu."

Wakati mwingine jibu huchelewa, na hapo huwa ameshaweka mkono kwenye kitasa.

"Nipo," anasema.

Naye hurudi kwenye brashi yake, mpaka mkono utulie.